Afisa Hakatwi Nusu

Mfichua maradhi, bei humuumbua. Najua ninyi mlifundishwa kwamba ni mficha maradhi ndiye huumbuliwa, tena na kifo, lakini wahenga wenu hawakuwahi kupanga foleni kwenye duka la dawa la nchi yetu. Kwetu, mwenye busara akiumwa hujikaza. Akiulizwa husema ni uchovu, na akianguka husema ameteleza. Aibu humpata yule anayekwenda kupimwa, akaambiwa jina la ugonjwa wake mbele ya watu, kisha akathubutu kuulizia dawa.

Jina la nchi yetu siwezi kulitaja, maana nalo lilipandishwa cheo na sasa kulitamka kuna ada.

Niseme mapema, asije mtu akatudhania vibaya: nchi yetu ndiyo pekee duniani ambako bei ya dawa haijawahi kupanda. Si maneno yangu. Yamechongwa kwenye jiwe langoni mwa hospitali kuu: BEI YA DAWA HAITAPANDA MILELE. Baba Mlezi, rais wetu wa kwanza, aliyatamka siku ya uhuru, muda mfupi kabla ya chakula, na tangu hapo hakuna serikali iliyothubutu kuligusa jiwe lile isipokuwa kuliosha kwa sabuni.

Lakini serikali zilizofuata zilikuwa na wasomi. Walikwenda langoni na viti vyao, wakaketi mkabala na jiwe, wakalisoma mpaka jua likawachoma visogo, na mwishowe wakagundua kwamba jiwe limekataza bei kupanda. Halikukataza dawa kupanda. Ikaanzishwa Idara ya Vyeo vya Dawa. Tangu hapo, dawa inayotumikia taifa vizuri hupandishwa cheo kama askari: kuruta, koplo, sajini, na kuendelea juu. Bei yake hubaki ileile ya siku ya uhuru. Kinachoongezeka ni posho ya cheo, na posho, kama mjuavyo, si bei. Mgonjwa hulipa vyote viwili, lakini kwa moyo mkunjufu, kwa sababu anajua kwamba kimoja hakijapanda.

Chukueni mfano wa Tulizo, kidonge cheupe cha presha. Shangazi yangu Sikudhani, fundi wa magodoro ya sufi, anaijua historia yake vizuri, ila haisimulii kwa fedha. Huisimulia kwa matandiko. Wakati bibi yangu anakunywa Tulizo, kidonge kilikuwa kuruta, kinafungwa kwenye kipande cha gazeti, na mto mmoja wa sufi ulitosha dawa ya mwezi na sukari ya chai juu yake. Walipokitia kwenye kopo kikawa koplo, na mto ukabidi uende na foronya ya kudarizi. Kilipohamia kwenye chupa kikawa sajini: godoro la mtoto. Chupa ilipowekewa pamba juu, Luteni: godoro la mtu mmoja. Pamba ilipotolewa, baada ya wataalamu kugundua kwamba haikuwa na kazi, Kapteni: godoro la bwana na bibi harusi. Ilipobadilishwa rangi ya kizibo, Meja: godoro lilelile na mito yake miwili.

"Na ndani ni kilekile," Shangazi husema. "Sisi tunazeeka, chenyewe kinapanda. Kidonge kimekuwa kama mtoto wa waziri."

Tangu afike Luteni, ilikatazwa kumwita "kile". Ni "yeye", na hutolewa kwenye sinia.

*

Mimi ni Zamda. Nina stashahada ya lugha, na ulimi ambao haukuingoja stashahada. Shangazi alinisomesha kwa sindano na sufi. Kwa kila muhula niliokaa chuoni, kuna maharusi mahali fulani walilala pazuri. Nilipohitimu, Idara ya Vyeo ilikuwa inatafuta Kinywa.

Kazi ya Kinywa ni hii. Kwa mila ya nchi yetu, afisa anayepandishwa cheo lazima ashukuru kwa hotuba. Dawa haina mdomo. Kwa hiyo dawa huwekwa juu ya mto mbele ya umati, Waziri huubandika mto nyota, kisha Kinywa husimama na kusema, "Mimi, Luteni Fulani," na yote atakayoyasema dawa ikiwa juu ya mto huhesabiwa kuwa dawa ndiyo imeyasema. Hayakanushwi. Hayakatizwi. Kanuni hiyo aliitunga Mkurugenzi wetu mwenyewe, Bwana Mwinyikondo, mtu mwembamba anayependa taratibu kama wengine wanavyopenda pilau.

"Binti," aliniambia siku ya kwanza, "hapa hatupandishi bei. Ukimsikia mtu anasema bei, mrekebishe kwa upole. Akirudia, niletee jina lake la ukoo."

"Na kama ni mgonjwa, Mkurugenzi?"

"Mgonjwa ndiye wa kwanza kurekebishwa. Ana nafasi kubwa ya kusema ovyo."

Nilicheka. Nilidhani ametania.

Dawa yangu ya kwanza kuisemea ilikuwa Tulizo, akitoka Umeja kwenda Ukanali. Wakala anayemwingiza nchini, mwanamume mnene anayenukia udi, alikuja mbele ya kamati na sababu moja tu. Kidonge kilikuwa na mstari katikati. Sasa mstari umeondolewa.

"Kwa nini umeondolewa?" aliuliza mjumbe mmoja, aliyekuwa mgeni.

Sauti ya Wakala ilitetemeka. "Watu wanamkata, waheshimiwa. Wanamkata Meja mzima. Nusu leo, nusu kesho. Wengine kwa wembe."

Kamati iliinamisha vichwa. Mkurugenzi alitoa kitambaa, akafuta macho, halafu akanigeukia. "Bi Zamda. Hapa ndipo lugha inapohitajika."

Nikaitafuta lugha. Niliitafuta kwa raha, siwafichi, jinsi mtu anavyolitafuta embe bivu zaidi kapuni. Siku ya sherehe nilisimama kando ya mto, kidonge kikinitazama kwa weupe wake wote, nikasema: "Mimi, Tulizo, nilipokuwa kuruta nilikatwa. Nilivunjwa kwa meno. Nilizungushwa kati ya mume na mke kama kitana. Nilivumilia, kwa sababu mdogo hana kauli. Leo ninayo. Afisa hakatwi nusu!"

Uwanja mzima ulisimama. Waziri alilia. Wiki ile maneno yangu yalipakwa rangi kwenye kuta za zahanati, na wiki iliyofuata yakachapishwa kwenye kanga, na wanawake wenye presha wakajifunga. Nilipigiwa makofi mpaka nikasahau kujiuliza wale waliokuwa wakikata walikata kwa nini.

Hapana, huo ni uongo. Sikusahau. Nilijua kwa nini wanakata tangu nina umri wa kutumwa kwa jirani kuazima wembe.

*

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Ingia, usisimame mlangoni kama mpangaji aliyekimbia kodi."

Alikuwa ameinamia kibao cha vitunguu, mkononi ana mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa.

"Unakata nini?"

"Namkata Kanali. Nimeazima kimoja kwa jirani."

Mkasi ulibana. Kidonge kiliteleza, kikagonga sufuria, kikarudi. Akabana tena kwa hasira, nacho kikasagika. Upande mmoja ukabaki kipande chenye pembe, upande mwingine unga. Shangazi alilamba kidole, akauokota ule unga kwenye kibao, pamoja na harufu ya kitunguu, akaumeza.

"Zamani alikuwa na kamstari hapa, kama matako ya mtoto," alisema. "Unabonyeza, tap, riziki ya siku mbili. Sasa wamemlainisha kama upara wa mkurugenzi."

"Ungemeza kizima, Shangazi."

"Nikimeza kizima leo, kesho nimeze jina lako?" Akaketi juu ya gunia la sufi, akanimiminia chai. "Hebu niambie, wewe si upo hukohuko kwa wakubwa? Huyo aliyesema afisa hakatwi nusu, humjui?"

Chai ilikuwa ya moto. Niliipuliza muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Pale tuko wengi, Shangazi."

"Ana maneno matamu, mshenzi huyo. Nikimpata nitamshona mdomo kwa sindano ya godoro, mshono wa kurudia." Akacheka kwa pumzi fupi, halafu akanigusa shavu. "Kunywa, mwanangu. Umekonda. Kazi ya kusema inachosha."

Msiniulize kwa nini sikumnunulia dawa mimi. Mshahara wa Kinywa ni wa kinywa: unatosha kula. Nilimpa nilichokuwa nacho, naye akanishukuru na kuniombea dua mpaka nikatamani anitukane. Kisha akanipa zawadi, mto mdogo wa kukalia ofisini, sufi teketeke, umeshonwa kwa kitambaa cha bluu. "Usije ukaumia mgongo," alisema, "kwa kuwatumikia watu."

Niliukalia mto ule kila siku. Hakuna kiti kilichowahi kunichoma kiasi kile.

*

Mwezi huo nilimsindikiza duka la dawa. Mfamasia, Bwana Chaurembo, alivaa glavu nyeupe na mkanda wa gwaride, kwa maagizo ya Idara, na jasho lilikuwa linamtiririka.

"Unataka kumwona nani, Mama?"

"Nataka dawa ya presha."

"Taratibu. Unataka kumwona Kanali Tulizo. Una miadi?"

"Nina presha."

"Kubwa au ndogo? Maana Kanali hashughuliki na presha ndogondogo."

"Ilikuwa ndogo nilipoingia," Shangazi alisema. "Sasa hivi nadhani imefika Brigedia."

Foleni ilicheka, na Chaurembo naye akacheka, mpaka macho yake yalipogonga bango lililokuwa nyuma yangu, lenye maneno yangu. Akajikohoza. "Vua ndala, Mama, tafadhali. Simama wima. Usipomsalimu Kanali siruhusiwi kumfunua."

Shangazi alivua ndala. Alisimama wima, kadiri magoti yake yalivyokubali, akakipigia kidonge saluti. Halafu akaweka mezani fedha za godoro la maharusi na mito yake. Chaurembo alizitazama, akazisukuma zikarudi, polepole, kama mtu anayerudisha barua ya posa.

"Hizi zilikuwa za Meja, Mama. Kanali ni godoro na kitanda chake."

"Bei imepanda tena?"

Chaurembo alinitazama, alijua ninakofanya kazi. Na mimi, mbele ya foleni, mbele ya shangazi aliyesimama peku kwenye sakafu ya saruji, nilisema kwa upole, kama nilivyofundishwa: "Bei haijapanda, Shangazi. Ni posho."

Aliinama kutafuta ndala zake, na moja ilikuwa imesukumwa chini ya kaunta, ikabidi aipapase kwa mguu.

Aliuza kitanda chake na godoro lililokuwa juu yake. Fundi wa magodoro akawa analala kwenye mkeka, na majirani walipomuuliza aliwaambia mkeka unanyoosha uti wa mgongo. Kitanda kilipoliwa chote na Kanali, akawa anameza robo. Kisha akameza chembe. Kisha akaacha, akasema ni uchovu tu.

Asubuhi moja alikuwa anashindilia godoro la biarusi, mkono wa kulia unaingiza sufi, wa kushoto umeshika kitambaa. Wa kushoto ukaachia. Mwanamke aliyekuwepo aliniambia kwamba Shangazi aliutazama, akauambia, "Shika." Ukakataa. Akauambia tena, kwa ukali, kama anavyowafokea kuku. Halafu akaanguka ubavu juu ya sufi, na sufi ikaruka chumba kizima.

Hospitali kuu waliandika kwenye cheti chake cha matibabu kwamba aliteleza.

*

Wakati huo Tulizo alikuwa anaandaliwa kuwa Jenerali. Wakala alikifunga kiboksi utepe mwekundu.

"Utepe!" alisema Mkurugenzi Mwinyikondo mbele ya kamati, akiunyanyua kwa vidole viwili. "Waheshimiwa, kuna mataifa yanayokwenda mwezini. Sisi tumefunga utepe." Akanigeukia. "Bi Zamda, nchi haijawahi kuwa na Jenerali. Atakuwa mmoja tu, juu ya kila mwenye cheo, dawa au binadamu. Nataka hotuba itakayoipita ile ya kukatwa nusu."

Nilikubali. Nilisema, "Ndiyo, Mkurugenzi," nikabeba mto wangu wa bluu, nikaenda kwa Shangazi.

Alikuwa amelala mkekani, ameegemezwa ukutani. Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja, kama mtu aliyesikia uongo na anajizuia kucheka. Nilipiga magoti.

"Shangazi, ni mimi niliyesema."

"Umesema nini?" Maneno yalimtoka mazito, yamelowa.

"Afisa hakatwi nusu. Ni mimi. Nilijua unakata, na nikasema."

Nje mtu alikuwa anapiga kelele za kuuza samli.

"Ulisema vizuri?" aliuliza.

"Vizuri sana, Shangazi."

"Basi hiyo ndiyo dhambi. Ungesema vibaya, wasingekupigia makofi." Akafumba macho. "Na pale dukani. Posho."

"Naomba radhi. Naomba radhi, Shangazi. Nisamehe."

Alifumbua jicho moja, lile la upande mzima.

"Radhi ni maneno, Zamda. Maneno unayo tele, mimi ndiye niliyeyalipia. Niletee kitu kingine."

Nilibaki pale na magoti yangu. Nilitaka anipige, lakini mkono aliokuwa akinipigia ndio ule uliokataa.

*

Siku ya sherehe uwanja ulijaa. Bendi, watoto wa shule na vibendera, wagonjwa walioletwa kwa malori ili wapige makofi. Waziri, Brigedia mstaafu Mabembe, alikuja na sare zake zote, nyingine amezishika mkononi. Ilikosekana kitu kimoja: mto wa dhahabu wa Idara ulikuwa umeliwa na panya. Nikasema kwa unyenyekevu kwamba ninao mdogo wa bluu, sufi safi. Mkurugenzi aliubonyeza, akafurahi. Tulizo akawekwa juu yake.

Waziri alihutubia. "Wananchi! Wapo wanaosema dawa iko juu. Nami nawauliza, mlitaka iwe chini, ikanyagwe?" Umati ukashangilia. Akaubandika mto nyota za Ujenerali, akarudi hatua nyuma, akapiga saluti. Wote wenye vyeo wakapiga saluti. Bendi ikanyamaza.

Nikasimama.

"Mimi, Jenerali Tulizo," nilisema. "Waziri, simama wima."

Waziri alidhani hakusikia. "Nini?"

"Brigedia haulizi Jenerali 'nini'."

Akasimama wima. Ilikuwa mazoea, nililiona tumbo likiingia ndani lenyewe. "Ndiyo, afande."

"Nashukuru kwa nyota hizi. Nina amri ya kwanza na ya mwisho. Kuanzia sasa navua vyeo vyangu vyote. Narudi kuwa kuruta. Nirudishiwe mstari wangu katikati. Nifungwe kwenye gazeti. Kila duka linitoe kwa bei iliyo kwenye jiwe, bila posho, na anayeniulizia asivue ndala."

Kutoka jukwaani Wakala aliruka, udi na vyote. "Huyo si Jenerali! Huyo ni msichana tu!"

Na hapa, wasomaji wangu, ndipo mnapopaswa kumshukuru Mkurugenzi Mwinyikondo. Mtu yule angeweza kutuzuia kwa neno moja. Lakini maisha yake yote alikuwa amengoja siku ambayo kanuni yake ingevunjwa hadharani ili apate kuitetea. Alisimama.

"Kaa chini!" alimfokea Wakala. "Unamkatiza Jenerali! Dawa ipo juu ya mto!"

"Lakini Mkurugenzi, anajishusha..."

"Na ni haki yake! Nani aliye juu yake? Waziri?"

Waziri alitikisa kichwa, bado amesimama wima, jasho limemfika kidevuni.

"Amri hii," nilimalizia, "haitenguliwi ila na Jenerali mwingine." Kisha nikaketi. Jenerali mwingine hakuwepo. Bendi, kwa kukosa la kufanya, ilipiga wimbo wa taifa, nao wagonjwa waliokuwa kwenye malori wakaruka chini, wenye magongo wakayasahau, wakaelekea maduka ya dawa kwa kasi ambayo madaktari wetu mpaka leo hawajaieleza.

*

Iliwachukua muda kupata Jenerali mwingine. Walimtoa mdogo wake, Tulizo Bora, kidonge kilekile kilichopakwa rangi ya waridi. Hata huyu, aliyekuwa kama mtoto wa waziri, ikabidi aanze ukuruta, nao walimpandisha mbiombio, sherehe asubuhi na sherehe jioni, mpaka mpiga tarumbeta akavimba midomo. Alipofika Ujenerali, amri yake ya kwanza ilikuwa kaka yake aondolewe madukani. Askari walikwenda kumkusanya. Hawakumkuta. Chaurembo aliwaonyesha rafu tupu na mikono mitupu. Glavu alikuwa ameshazivua.

Walipekua nyumba kwa nyumba mtaani kwetu. Walifungua makabati, wakachungulia visimani, wakamwaga unga. Mimi sijui dawa zilikwenda wapi. Ninachojua ni kwamba kipindi kile kila mtu aligundua mto wake umechakaa, na foleni ya mito mipya kwa Shangazi ilifika barabarani. Siku hizi ukilalia mto wa mtaani kwetu unasikia kitu kinachakarika sikioni. Nadhani ni mbegu za sufi.

Hamtaniuliza, lakini nitawajibu: mkono haukurudi. Tulizo, hata akiwa kuruta, hafufui kilichokufa. Shangazi anameza nusu asubuhi, tap, nusu siku inayofuata, kama alivyoshauriwa na daktari aliyekataa kutajwa. Mdomo umenyooka kidogo, wa kutosha kunisema. Na kwa kuwa Idara ilinifukuza, mimi ndiye mkono wake wa kushoto. Yeye anashindilia, mimi nashika kitambaa.

"Kaza," husema. "Unashika kama mtu anayehutubia."

Kila akisema hivyo mimi hukaza. Kuna siku huukazia kitambaa macho ili nisiutazame ule mkono uliolala mapajani mwake kama mgeni asiyejua atarudi lini kwao.

Jana Kamati ya Heshima ya Dawa iliniita. Mkurugenzi Mwinyikondo alikuwa mwenyekiti. Hawakuweza kumfukuza, kwa sababu hakuvunja kanuni hata moja. Mezani, kwenye kisahani, waliweka Jenerali Tulizo Bora, na kando yake karatasi. Nilitakiwa kumwomba radhi Jenerali, Wakala, Waziri na utepe. Nikiomba, nitarudishiwa kazi yangu. Nisipoomba, mtaa wetu utapekuliwa upya.

Niliisoma ile karatasi. Aliyeniandikia radhi ni Kinywa kipya, na sentensi yake ya kwanza ilizunguka na kuzunguka bila kuona pa kukaa.

"Isome tu, Bi Zamda," alisema Mkurugenzi, kwa sauti ya mtu anayebembeleza. "Ni maneno. Wewe maneno hayakushindi. Mtaa wenu utalala salama."

"Mtaa wetu unalala vizuri, Mkurugenzi. Mito ni mipya."

Wakala akagonga meza. "Mtaa mmoja huo! Mnalalia nini huko?"

"Sufi," nilisema. "Njooni mpekue. Ila leteni wapasuaji wa kutosha, kwa sababu kila mto mtakaoupasua una kichwa cha mtu juu yake, na ndani hamtakuta Jenerali. Mtakuta kuruta, naye kwa amri iliyotaja maduka bila kutaja mito, hana kosa."

Wakatazamana. Mkurugenzi aliifungua ile amri ya Jenerali, akaisoma, akaisoma tena, na niliona uso wake ukijaa furaha asiyoitaka.

"Haikutaja mito," alinong'ona. Kisha akajikaza, akanisukumia kisahani. "Hata hivyo. Radhi."

Nilikitazama kile kidonge cha waridi. Nilimkumbuka Shangazi amesimama peku, mkono wake wa kushoto, enzi zile ukiwa hai, umebana fedha za godoro. Radhi nilikwisha kuiomba mara moja, kwa magoti, kwa mtu aliyeistahili, naye akaniambia nilete kitu kingine. Nilikileta kikiwa kimechelewa. Yule bado ananidai, na nitamlipa kwa kushika kitambaa mpaka mmoja wetu aachie.

Nikamrudishia Mkurugenzi kisahani chake. "Ninyi siwaombi radhi."